Barabara ya Masika Hutengenezwa Kiangazi

Ikiwa kikundi chenu kimekwisha kaa, na tuanze somo letu la historia. Leo tutaifuata barabara itokayo Dar es Salaam kwenda kusini, ipitayo Bungu, Kibiti na Ikwiriri, na kuvuka Mto Rufiji mahali paitwapo Ndundu. Tunataka kujua jambo moja: barabara huandaliwaje kabla ya masika, na watu wamepata hasara gani kila ilipokuwa haikuandaliwa?

Kwanza tuujue mto wenyewe. Rufiji hukusanya maji ya nchi yenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 177,000. Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu zote humimina humo. Kwa hiyo mtu wa Muhoro aweza kushinda juani mchana kutwa, kisha mafuriko yakamjia, kwa sababu mvua imenyesha mbali, huko Iringa au Njombe. Karibu na bahari mto hugawanyika katika midomo mingi penye misitu ya mikoko. Huko deltani njia ni maji, na chombo ni mtumbwi au mashua. Walakini mwenye mashua naye anaihitaji barabara: kamba wake hawana budi kufika sokoni hawajaharibika, na mgonjwa wake hana budi kufika hospitali yu hai.

Sasa turudi nyuma. Mnamo Januari 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliwafukuza Wajerumani mpaka Rufiji, wakauvuka mto huko juu, pale Kibambawe. Mara mvua zikaanza, nazo zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Magari yalizama matopeni, mto ukafurika, chakula cha askari kikawa haba. Mzigo ulioshindwa na gari ulitwikwa kichwani mwa mpagazi wa Kiafrika, na wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi katika vita ile. Hili ni fundisho la kwanza. Barabara ikikatika, mzigo haupotei. Huhamia kwa mnyonge.

Baada ya vita, na hata baada ya Uhuru wa mwaka 1961, barabara ya kusini iliendelea kuwa ya udongo kwa sehemu kubwa. Masika yakiingia, Lindi na Mtwara zilitengwa na Dar es Salaam kwa muda mrefu, na wasafiri wakategemea meli. Pale Ndundu magari yalipanga foleni kungoja pantoni. Kisha mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu meta 970. Baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, nacho kikawekwa lami. Wengi wetu tulisema, masika yameshindwa.

Lakini tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia. Mvua ilinyesha kwa nguvu, na barabara ikakatika katika wilaya ya Kilwa, Somanga na Mikereng'ende zikiwa miongoni mwa sehemu hizo. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Tafadhali litazame jambo hili vizuri. Daraja kubwa la Rufiji lilisimama. Barabara ilikatwa na vijito, ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huviruka kwa miguu.

Basi, maandalizi ni nini? Tangu mwaka 2000 barabara kuu na za mikoa zimo mikononi mwa TANROADS. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zimekuwa za TARURA. Kazi yao kabla ya mvua ni hii. Kwanza, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro na makalavati, ili maji yapate pa kupita. Pili, kuchonga barabara ya udongo kwa greda na kuirudishia mgongo wake, yaani katikati iwe juu kuliko kando, maji yasituame. Tatu, kuongeza changarawe na kuishindilia, hasa penye udongo mzito wa bonde la mto. Nne, kukagua kingo za madaraja na kuzikinga kwa mawe yaliyofungwa katika nyavu za waya. Tano, kuweka tayari mawe, mitambo na madaraja ya chuma ya muda. Hata Marekani, mabwana barabara hujaza chumvi ghalani kabla theluji haijaanguka. Mwenye akili hangoji adui afike mlangoni ndipo anoe panga.

Hata hivyo yafaa tuseme kweli. Kalavati safi lakini dogo haliwezi kumeza mafuriko ya kimbunga. Mahali pengine hapatoshi kuzibuliwa. Pataka daraja refu zaidi. Kwa hiyo mkaguzi huuliza maswali mawili: njia ya maji imeziba? Tena, je, yatosha?

Jambo kubwa kuliko yote ni wakati. Masika kwetu ni Machi hadi Mei; vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Ukihesabu, utaona kwamba nafasi ya kufanya kazi katika ukavu, kabla ya vuli, ni miezi mitatu tu. Fedha zikichelewa, au mkataba ukitiwa sahihi mawingu yamekwisha tanda, changarawe humwagwa leo ikachukuliwa kesho. Na fedha hiyo ni yako. Kila lita ya petroli au dizeli hutozwa fedha za Mfuko wa Barabara. Kijana wa bodaboda pale Bungu naye analipa. Kwa hiyo ni haki yako kuuliza katika mkutano wa kijiji mwezi wa Agosti: kalavati letu litazibuliwa lini? Ukiuliza mwezi wa Aprili, umeuliza maji.

Nasi tuna wajibu. Atupaye takataka mtaroni, au alimaye mpaka ukingoni mwa barabara, anamfungia njia jirani yake atakayeugua usiku wa mvua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni kalavati lililoziba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini Daraja la Mkapa lilisimama mwaka 2024, na barabara ikakatika penye vijito?

2. Katika kijiji chenu, maji hukata barabara mahali gani kwanza? Njia ya maji imeziba, au ni ndogo?

3. Ni nani wa kuulizwa juu ya mahali hapo, na mtamwuliza mwezi gani?