Ukuta Kati ya Mwimbaji na Vijana

Historia haikai katika vita na mikataba peke yake. Hukaa hata katika nyimbo. Leo tutazame jinsi wimbo wa upweke ulivyowakutanisha watu.

Tuanze Uingereza. Roger Waters alizaliwa mwaka 1943. Alipokuwa na miezi mitano tu, baba yake, askari, aliuawa vitani huko Anzio, Italia. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Walilelewa na mama zao, na shuleni waliwakuta waalimu wenye fimbo na kejeli. Wakubwa waliona kuwa amani na shibe vyatosha. Vijana walitaka pia mtu wa kuwasikiliza. Wengi wakashika magitaa, na muziki wa roki ukawa baraza lao.

Mwaka 1965 Waters na wenzake walianzisha bendi ya Pink Floyd mjini London. Kwanza walipiga katika kumbi ndogo, wakiziona nyuso za watu. Walipopata sifa, walisimama katika viwanja vya michezo mbele ya maelfu kwa maelfu. Tarehe 6 Julai 1977, huko Montreal, Kanada, Waters alichoshwa na makelele, akamtemea mate kijana mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa. Baadaye alijishangaa: amefikaje hapo?

Kutokana na swali hilo alitunga The Wall, yaani Ukuta, santuri mbili zilizotolewa Novemba 1979. Ni hadithi ya mwimbaji ambaye kila jeraha, kama kifo cha baba, ukali wa mwalimu na ndoa iliyovunjika, lamwongezea tofali moja, hata ajikute amefungiwa peke yake. Katika maonyesho ya 1980 na 1981 ukuta wa matofali ya karatasi ngumu ulijengwa mbele ya watazamaji, ukawaficha wapigaji, mwishoni ukaangushwa.

Wimbo mmoja wa santuri hizo, ulioimbwa pamoja na watoto wa shule moja ya London, ulilalamikia elimu ya kuvunja moyo. Mwaka 1980 wanafunzi wa Afrika Kusini, waliogomea elimu duni waliyotengewa kwa sababu ya rangi, waliuimba kama wimbo wao. Serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Tena tarehe 21 Julai 1990, baada ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa, Waters aliiimba hadithi yote pale ulipokuwa ukipita, mbele ya watu zaidi ya 200,000.

Wazee wetu husema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo naye huongeza tofali, na siku moja atamwita mwanawe asisikiwe.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini wanafunzi wa mbali waliuona wimbo huo kuwa wao?
2. Vijana wa mtaa wenu husemea wapi yaliyo moyoni mwao, na nani huwasikiliza?