Vivumishi vya Kiingereza na Vazi la Wakuba

Mfasiri wa Kongo atakaye kueleza kwa Kiingereza mavazi ya wazee wake hukuta vivumishi vimekwisha kuchaguliwa na wengine. Katika makala haya twapenda kuvipima baadhi yake kwa mfano mmoja: kitambaa cha rafia cha Wakuba, wakaao kati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua.

Mwaka 1892 William Sheppard, mmisionari wa Kipresbiteri, Mmarekani mweusi, alifika katika mji mkuu wa Wakuba. Vitu alivyokusanya vimehifadhiwa Hampton, Virginia. Mwaka 1908 Emil Torday, mzaliwa wa Hungaria, alikusanya vingine kwa ajili ya British Museum ya London. Vitambaa vilipoingia katika majumba hayo vilihitaji maneno ya kuvieleza.

Kivumishi kilichozoewa zama za ukoloni kilikuwa "primitive". Hakituambii lolote juu ya nguo. Chatuonyesha tu mahali alipojiweka msemaji. Wala sisi tusemao Kiswahili tusijitakase, kwani neno "kishenzi", walilolitumia watu wa pwani juu ya watu wa bara, lilifanya kazi iyo hiyo. Nacho "tribal" chataja kabila la mvaaji, kikanyamazia ufundi wa mfumaji.

Hatari zaidi ni neno la sifa: "velvet", yaani mahameli. Wafaransa nao husema mahameli ya Kasai. Ni kweli kwamba kitambaa hicho ni laini na kina manyoya mafupi kama mahameli. Lakini manyoya ya mahameli ya Ulaya hutokea pale pale kitambaa kinapofumwa. Kwa Wakuba, kazi ni mbili. Mwanamume hufuma kitambaa cha rafia kikiwa kitupu. Kisha mwanamke huchukua sindano, akapitisha nyuzi za rafia chini ya nyuzi za kitambaa bila kupiga fundo, akazikata kwa kisu kidogo, zikasimama. Michoro yote ya manyoya hayo yatoka mikononi mwake. Basi amwitaye mahameli humsifu mfumaji kwa kazi isiyo yake, na mwanamke hutoweka katika maelezo.

Vivumishi vya haki vipo. "Woven" chamtaja mwanamume aliyefuma. "Embroidered" chamtaja mwanamke aliyetarizi. "Cut-pile" chaeleza nyuzi zilizokatwa. Havina fahari, lakini kila kimoja kina shahidi wake: kitanda cha kufumia, sindano, kisu.

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi wetu, kabla hawajafungua kamusi, waulize kwanza: nani alifanya nini, na kwa chombo gani? Anayejua jibu hatakosa kivumishi. Asiyelijua, hata kivumishi kizuri kitamfanya amdhulumu aliyetengeneza.