Ikweta ni Mtaji

Wiki hii twende kaskazini kidogo ya Malindi, katika Ghuba ya Ngwana. Huko, miaka ya 1960, Waitaliano walisimamisha baharini majukwaa ya chuma. Mojawapo, Santa Rita, lilikuwa kabla ya hapo la kuchimba mafuta. Kazi yake mpya ilikuwa kurusha setilaiti.

Wazo lilikuwa la Profesa Luigi Broglio wa Roma. Kwa nini ahangaike kuja mbali namna hiyo? Jibu ni ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi huenda kilomita 1,670 kwa saa. Roma ni kama 1,240 tu. Mtu akiruka kutoka kwenye basi linalokwenda, hugusa chini akiwa tayari na mbio. Ndivyo ilivyo kwa roketi: kasi ya bure ni mafuta yasiyobebwa. Tena, mashariki ya Malindi ni bahari tupu. Vipande vikianguka, havimwangukii mtu.

Tarehe 26 Aprili 1967, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliipeleka angani San Marco 2. Kisha tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, iliruka setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa heshima ya wenyeji, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Urushaji wa mwisho hapo ulikuwa Machi 1988. Mwaka 1999 kampuni ya Sea Launch ikalifuata wazo lile lile katika Bahari ya Pasifiki.

Na sisi je? Aprili 2023, Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1. Iliruka kutoka California. Ni kweli, njia yake hupita karibu na ncha za dunia, na kwa safari hiyo ikweta haina faida. Lakini roketi nayo ilikuwa ya kukodi.

Ikweta tumepewa na Mungu, hatukuitolea jasho. Broglio hakuwa nayo, akaifuata. Jirani akija kulima shamba lako na kuvuna, usimlaumu yeye. Jiulize jembe lako liko wapi.

Mpaka wiki ijayo, kwaherini.