Mlango wa Hisani na Mlango wa Haki: Emmanuel Olisadebe na Uraia wa Mwanasoka

Mwezi Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa klabu ya Singida Black Stars, yaani Emmanuel Keyekeh kutoka Ghana, Josephat Bada kutoka Ivory Coast na Mohamed Damaro Camara kutoka Guinea, walikuwa wamepewa uraia wa tajnisi, ambao kisheria ni uraia anaopewa mgeni baada ya kuuomba, tofauti na uraia wa kuzaliwa na ule wa kurithi. Mjadala uliofuata uligawanyika haraka katika pande mbili zinazojulikana. Upande mmoja uliwaona wachezaji wa aina hiyo kuwa mamluki wanaobadili bendera kama wanavyobadili jezi za klabu. Upande wa pili ulijibu kwamba soka la leo ni soko lisilo na mipaka na kwamba utaifa wa mchezaji umebaki kuwa karatasi tu. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinamhoji mtu asiyestahili kuhojiwa kwanza, kwa kuwa tendo la kutoa uraia ni tendo la dola, na namna dola inavyolitenda ndiyo inayoamua mchezaji huyo atatazamwaje na taifa lake jipya. Mfano utakaotumika ni wa Poland, ambako suala hili lilijitokeza kwa uwazi usio wa kawaida kati ya mwaka 2000 na 2008.

Neno mamluki lenyewe linahitaji kutazamwa upya kabla ya kuendelea. Katika Kiswahili cha habari za vita ni mtu anayepigana kwa malipo upande usio wake, na katika Kiswahili cha viwanjani ni mchezaji aliyepenyezwa katika timu bila kuwa na sifa za kuichezea. Asili ya neno hilo, hata hivyo, ni Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa maneno miliki na milki, na maana yake ya kwanza ni aliyemilikiwa, yaani askari mtumwa aliyenunuliwa angali mdogo, akafunzwa vita na kumtumikia bwana wake. Matumizi ya leo yamemgeuza aliyenunuliwa kuwa muuzaji, na katika mageuzi hayo mnunuzi ametoweka kabisa kwenye sentensi. Kosa hilo la lugha ndilo linalorudiwa katika hoja nyingi kuhusu wanasoka waliobadili uraia.

Kuhusu historia ya jambo hili wataalamu hawana ugomvi mkubwa. Luis Monti alicheza fainali ya Kombe la Dunia ya 1930 akiwa na Argentina na ile ya 1934 akiwa na Italia. Ferenc Puskás, aliyeifungia Hungary mabao 84 katika mechi 85, alikwenda Chile mwaka 1962 na kikosi cha Hispania, ambacho pia kilimhesabu Alfredo Di Stéfano, mzaliwa wa Argentina. Pierre Lanfranchi na Matthew Taylor, katika kitabu chao cha mwaka 2001 kuhusu uhamaji wa wanasoka, walikwisha kuonyesha kwamba safari za wachezaji zimefuata njia za biashara, ukoloni na ukimbizi tangu zamani, na utafiti wa Gijs van Campenhout na wenzake kuhusu wachezaji waliozaliwa nje ya nchi walizoziwakilisha umeitilia shaka dhana kwamba jambo hili limeongezeka ghafla. Kwa hiyo nadharia ya soko lisilo na mipaka inapungukiwa na jambo la msingi, nalo ni wakati: inalieleza kwa sababu za miaka ya karibuni jambo lililokuwapo kabla ya televisheni. Inakosea pia mahali pengine pabaya zaidi. Kama utaifa ungekuwa karatasi tu, dola zisingehangaika kuutoa kwa dharura, na wala rais wa nchi asingetia saini yake kwa ajili ya mshambuliaji mmoja.

Rais aliyetia saini ni Aleksander Kwaśniewski wa Poland, na mshambuliaji ni Emmanuel Olisadebe, aliyezaliwa Warri, Nigeria, Desemba 1978. Olisadebe aliwasili Polonia Warszawa mwaka 1997, na katika msimu wa 1999/2000 aliisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wa Poland kwa mara ya kwanza tangu 1946. Sheria ya uraia ya wakati huo ilimtaka mgeni wa kawaida awe amekaa nchini miaka mitano, muda ambao yeye hakuwa ameufikisha. Lakini katiba ya mwaka 1997 inampa rais mamlaka ya kutoa uraia bila kufungwa na masharti hayo, na Julai 2000 mamlaka hayo yalitumika. Wiki chache baadaye, tarehe 16 Agosti, Olisadebe alianza kuichezea timu ya taifa iliyofundishwa na Jerzy Engel, katika mechi ya kirafiki mjini Bucharest dhidi ya Romania, akafunga bao katika sare ya 1–1. Hakuwa amewahi kuichezea timu ya wakubwa ya Nigeria.

Kilichofuata kinajulikana kwa takwimu zake. Poland, iliyoshika nafasi ya tatu duniani mwaka 1974 na tena 1982, haikuwa imefika Kombe la Dunia tangu 1986. Katika mechi kumi za kufuzu kwa mashindano ya 2002 ilifunga mabao 21, na 8 kati yake yalikuwa ya Olisadebe: mawili dhidi ya Ukraine mjini Kyiv, mawili Oslo dhidi ya Norway, moja dhidi ya Armenia, moja Cardiff dhidi ya Wales, moja katika ushindi wa 3–0 dhidi ya Norway mjini Chorzów tarehe 1 Septemba 2001, siku Poland ilipojihakikishia nafasi yake, na moja la mwisho dhidi ya Ukraine wakati kazi ilikuwa imekwisha. Ni vigumu kupata katika historia ya karibuni ya soka la Ulaya mfano ambapo saini moja ya kiserikali ilileta faida ya haraka kiasi hicho. Lakini hao hao walioshangilia mabao hayo walikuwa wenzao wa watu waliomrushia Olisadebe ndizi alipocheza Lubin na klabu yake, na kipindi cha tendo hilo na kipindi cha shangwe haviwezi kutenganishwa kwa ukuta.

Katika orodha hiyo ya mechi, iliyo muhimu kuliko zote kwa hoja ya makala haya ni ile ya Oslo, si kwa sababu ya matokeo yake ya 3–2 bali kwa sababu ya tarehe yake. Ilichezwa tarehe 24 Machi 2001. Siku hiyohiyo, mjini Leverkusen, Ujerumani ilikuwa ikihangaika na Albania hadi dakika za mwisho, ndipo mchezaji wa akiba aliyekuwa akiichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza alipofunga bao la ushindi wa 2–1. Mchezaji huyo alikuwa Miroslav Klose, aliyezaliwa Opole, Poland, Juni 1978, miezi sita kabla ya Olisadebe. Mama yake aliichezea Poland mpira wa mikono, na baba yake alikuwa mwanasoka wa Odra Opole. Engel mwenyewe alifanya jitihada mapema mwaka huo kumshawishi aichezee Poland, akashindwa. Hivyo katika siku moja Mnigeria wa kuzaliwa aliifungia Poland mabao mawili, na mzaliwa wa Poland akaiokoa Ujerumani, na kila mmoja alikuwa na hati halali ya nchi aliyoichezea.

Nadharia ya umamluki haiwezi kuwatofautisha wawili hawa, kwa sababu kwa kipimo chake wote wameacha nchi ya kuzaliwa wakaichezea nyingine. Na nadharia ya soko haitaki kuwatofautisha. Tofauti iko kwenye mlango. Familia ya Klose iliingia Ujerumani katika miaka ya 1980 kwa utaratibu wa wahamiaji wa asili ya Kijerumani kutoka Ulaya ya mashariki, watu ambao sheria ya nchi hiyo iliwatambua kuwa wake kwa nasaba, na Opole yenyewe ilikuwa mji wa Ujerumani hadi mwaka 1945. Uraia wa Klose ulikuwa wa haki, na neno haki hapa lina maana ya kisheria tu: yeyote mwenye sifa zile angeupata, awe mpiga mpira au fundi seremala (Klose, kwa bahati, alijifunza useremala kabla ya soka kumlipa). Uraia wa Olisadebe ulikuwa wa hisani, maana yake ulitolewa kwa mtu mmoja kwa jina lake na kwa hiari ya mtoaji. Hisani, kama inavyofahamika katika maisha ya kila siku, huacha deni, na deni la mshambuliaji huhesabiwa kwa mabao. Klose angeweza kukaa mechi kumi bila kufunga akalaumiwa kama mshambuliaji mbovu. Olisadebe, katika hali hiyohiyo, alikuwa akionekana kuchelewesha malipo.

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni nyepesi: kwamba Klose alikuwa mchezaji bora zaidi, aliyemaliza na mabao 71 katika mechi 137, wakati magoti ya Olisadebe yalimsaliti mapema, akaishia mechi 25 na mabao 11, ya mwisho mwaka 2004, mwaka uleule alipotwaa ubingwa na kombe la Ugiriki akiwa na Panathinaikos. Hilo ni kweli na haligombaniwi, ila linaeleza urefu wa safari bila kueleza hadhi ya msafiri. Pingamizi la pili ni zito. Gerald Asamoah, aliyezaliwa Ghana mwaka uleule wa 1978 na kufika Ujerumani akiwa na miaka 12, alipata uraia bila haraka ya kombe lolote, akaanza kuichezea Ujerumani Mei 2001 na kufikisha mechi 43. Hata hivyo mwaka 2006 makundi ya mrengo mkali wa kulia yalimwandama hadharani yakidai kwamba yeye si Ujerumani. Anayesema kwamba rangi ya ngozi ndiyo inayoamua, na kwamba mlango ni jambo dogo, ana ushahidi mkononi. Jibu linaloweza kutolewa ni la sehemu tu: waliomshambulia Asamoah walilazimika kuikana sheria ya nchi yao, ilhali aliyetaka kumnyanyasa Olisadebe kwa maneno angeweza kuinukuu sheria, kwa kuwa ni kweli kwamba alipewa kile ambacho mgeni mwingine aliyekaa miaka mitatu asingepewa. Hisani haikuanzisha ubaguzi. Iliupa kisingizio chenye sura ya haki.

Poland ilirudia jambo hilohilo. Mwaka 2008 Rais Lech Kaczyński alimpa uraia Roger Guerreiro, Mbrazili wa Legia Warszawa aliyekuwa nchini tangu 2006, na wiki chache baadaye akawa katika kikosi cha mashindano ya Ulaya. Tarehe 8 Juni mjini Klagenfurt Poland ilifungwa na Ujerumani 2–0, mabao yote mawili ya Lukas Podolski, mzaliwa wa Gliwice, ambaye hakushangilia. Mwanasiasa mmoja wa Poland alidai baadaye kwamba Podolski na Klose wavuliwe uraia wa Poland. Siku nne baadaye, Vienna, Guerreiro alifunga bao pekee la Poland katika mashindano hayo, kwenye sare ya 1–1 na Austria. Naye aliishia mechi 25, idadi ileile ya Olisadebe, jambo ambalo ni sadfa na lisibebeshwe uzito, ingawa inavutia kulibebesha. Lenye uzito ni kwamba dai la kuvuliwa uraia liliwalenga waliouacha mlango wa nasaba wa Poland, wakati Mbrazili wa mwezi wa pili tangu apate pasipoti aliachwa kwa amani madhali alikuwa anafunga.

Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) lilijaribu kuuziba mlango wa hisani. Mwaka 2004, baada ya Qatar kuwataka Wabrazili wasiokuwa na uhusiano wowote nayo, liliamuru kwamba mchezaji wa aina hiyo awe ameishi nchini miaka miwili, na mwaka 2008 muda huo ukawa miaka mitano baada ya kutimiza umri wa miaka 18, isipokuwa kama yeye, mzazi au babu au bibi yake alizaliwa huko. Afrika ya mashariki iliuona ukali wa uhakiki wa nyaraka mwaka 2014, pale Rwanda ilipoondolewa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa sababu mshambuliaji wake Daddy Birori alikuwa akijulikana kwa jina na mwaka mwingine wa kuzaliwa katika klabu yake ya Kongo, AS Vita. Lakini kanuni za FIFA zinalinda timu za taifa tu. Haziigusi ligi ya ndani, ambako idadi ya wachezaji wa kigeni ina ukomo, na ambako pasipoti mpya humtoa mchezaji kwenye hesabu ya wageni siku hiyohiyo.

Hapo ndipo mfano wa Singida unapoachana na ule wa Warszawa, na pengine unapouzidi kwa ukali. Uraia wa Olisadebe ulimwezesha kuvaa jezi ya taifa katika muda wa wiki chache. Mchezaji wa leo asiye na nasaba ya Tanzania wala miaka mitano ya ukaazi anaweza kuwa raia kamili na mchezaji wa ndani wa klabu yake bila Taifa Stars kuruhusiwa kumchezesha. Na kwa kuwa sheria ya Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, akiwa ameifuata sheria hiyo atakuwa pia ameukana uraia wa kwao, hata asiweze kuitwa tena na Ghana, Ivory Coast wala Guinea. Wakati akisubiri miaka hiyo mitano itimie, ligi ina mchezaji mmoja wa kigeni pungufu, na yeye hana timu ya taifa popote duniani.