Deki ya Chini: Safari za Bahari Zilizoishia Mwanza

Bibi mzaa baba alikuwa na sanduku la bati aliloliweka uvunguni mwa kitanda chake, nyumbani Nyakato, Mwanza, na sisi wajukuu hatukuruhusiwa kulikalia. Alilinunua mjini kwa fundi cherehani wa Kihindi aliyekuwa akifunga duka lake. Fundi alimsimulia kwamba baba yake alilipakia melini Bombay, akalishusha Mombasa, akalipandisha gari moshi mpaka Kisumu, kisha akalipakia tena melini mpaka hapa. Bibi naye aliingia Mwanza kwa meli, kutoka Bukoba, na hakukubali kwamba safari yake na ile ya sanduku zilikuwa mambo mawili. Njia ni moja, alisema, ila sanduku lilianzia mbali zaidi.

Nadhani alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi. Historia za meli kubwa za abiria zimeandikwa kwa wingi, na karibu zote zimeandikwa kutoka deki ya juu: ukumbi wa chakula, muziki wa jioni, viti vya kuotea jua, abiria wa daraja la kwanza akiandika barua. Tena zikifika kwetu huishia kwenye gati la Mombasa au Dar es Salaam, kana kwamba abiria akishashuka pale safari imekwisha. Kwa miongo mingi haikuwa hivyo. Aliyekuwa akija Mwanza kutoka Ulaya au India alikuwa bado na nchi kavu na maji mengine mbele yake, na sehemu kubwa ya waliopita njia hiyo walipita wakiwa wamelala chini, juu ya mkeka, kichwa kikiegemea mzigo.

Kabla ya reli, njia ilikuwa ya mabega. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 akiwa na mashua iliyoundwa London, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili wapagazi waibebe. Ilifika Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo, tarehe 27 Februari 1875. Vipande vikaungwa, mashua ikaingia majini na kuzunguka Ziwa Victoria. Jina lililochorwa ubavuni lilikuwa la mwanamke wa Marekani ambaye hakuwahi kuliona ziwa hili. Wanaume waliobeba vile vipande zaidi ya siku mia moja, juani na mvuani, wengi wao hatujui hata majina ya vijiji vyao. Miaka mitatu baadaye Lavigerie, ambaye angekuja kuwa Kardinali, aliwatuma Wamisionari wa Afrika, tuliowazoea kwa jina la White Fathers. Waliondoka Marseille mwezi Aprili 1878, wakapitia Zanzibar na Bagamoyo, na wa kwanza wao wakavuka ziwa kutoka Kageye na kuingia Buganda tarehe 17 Februari 1879. Miezi kumi! Na katika miezi hiyo, siku za melini zilikuwa chache. Muda ulimezwa na bara.

Reli ya Uganda ndiyo iliyogeuza hesabu hiyo. Ilijengwa kwa nguvu za vibarua wa Kihindi wapatao 32,000 walioletwa kwa meli kutoka Karachi na Bombay, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Reli ilifika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, tarehe 20 Desemba 1901. Meli ilikuwa imeitangulia. William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikavushwa bahari ndani ya meli nyingine, na sehemu za safari yake ya bara zikafanyika mabegani kwa sababu reli ilikuwa bado nyuma. Ilishushwa majini mwaka 1900. Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill mwaka 1907, nazo kwa mtindo uleule. Jambo hili hunigusa kila nilifikiriapo: karibu kila meli kubwa ya ziwa letu ilianza maisha yake kama abiria wa bahari, imefungwa makashani.

Mwanza wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, lakini mlango wake ulikuwa wa Waingereza. Reli ya Kati ilikuwa bado inasogea polepole kutoka Dar es Salaam, na ilifika Kigoma mwaka 1914 bila kugusa ziwa hili. Hivyo ngozi, karanga na pamba za Mwanza zilivuka kwenda Kisumu na kuteremkia Mombasa; nguo, chuma na wageni walipanda kwa njia hiyohiyo. Vita vya 1914 vilipoanza, maji yale yale ya biashara yakawa uwanja wa mapambano. Winifred, iliyokuwa ikibeba abiria na marobota, ilipambana na boti ya Kijerumani iliyoitwa kwa jina la mji wetu, Muansa. Waingereza waliuteka mji Julai 1916. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na tangu hapo Mwanza ikawa na milango miwili ya bahari.

Baba wa yule fundi cherehani aliingia kwa mlango wa kwanza. Shajara ya safari yake hatuna, lakini namna watu wa aina yake walivyosafiri inafahamika vizuri. Hapo zamani walivuka kwa majahazi wakisubiri upepo wa kaskazi. Baadaye wakapanda meli za moshi za kampuni ya British India. Tiketi ya deki ilikupa nafasi ya kulala, na nafasi hiyo uliitafuta mwenyewe. Waliozoea walipanda mapema, wakatandika shuka mahali penye upepo na mbali na vyoo, wakapanga masanduku kuwa ukuta wa familia. Kulikuwa na jiko la Wahindu na jiko la Waislamu, na harufu za majiko hayo mawili zilikutana katikati. Watoto walicheza juu ya mifuniko ya ngama. Wenye kigegezi walilala wakiwa wamegeukia ukutani kwa siku nzima.

Kwa Wahindu wengi wa enzi ile, kuvuka bahari kulikuwa jambo zito kuliko uchovu. Waliiita bahari maji meusi, na aliyeyavuka aliweza kuonekana amechafuka mbele ya ukoo wake, asipokelewe tena mpaka atakaswe. Kwa hiyo kijana aliyepanda meli Porbandar au Bombay akiwa na anwani ya mjomba mwenye duka huko "Afrika" alikuwa ameshaachana na jambo fulani kabla nanga haijang'olewa. Alifika Mombasa, akakaa usiku mbili ndani ya gari moshi, akafika Kisumu, akakuta maji mengine. Najiuliza sana alifikiri nini alipoyaona. Ziwa halina chumvi, lakini lina mawimbi yake, na ukingo wake wa pili hauonekani.

Baada ya Vita vya Pili kampuni hiyohiyo ya British India ilileta meli mbili mpya katika njia ya Bombay na Afrika Mashariki, moja mwaka 1947 na ya pili 1948. Ziliitwa Kampala na Karanja. Watu wazima wa jamii za Kihindi zilizoenea kutoka Mwanza hadi Leicester bado huzitaja kama mtu anavyomtaja shangazi. Nami hupenda hilo jina la kwanza, Kampala: mji wa nchi isiyo na bahari, umechorwa kwenye ubavu wa meli iliyokuwa ikipita Ushelisheli.

Kuna watu wa huku kwetu waliosafiri upande wa pili, kutoka ziwani kwenda baharini, na safari yao haikuwa ya hiari kwa wote. Vita vya Pili vilichukua wanaume zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika, na Usukuma ilitoa wengi. Tuliwaita Keya. Jirani yetu mmoja Nyakato, mzee aliyekuwa akifuma vikapu mlangoni kwake, alipigana Bama. Kuhusu vita yenyewe alisema machache. Kuhusu meli alisema mengi: joto la chini, vitanda vya kamba vilivyoning'inizwa kama mishikaki, maji ya kunywa yenye ladha ya rangi, na asubuhi ya kwanza alipopanda juu akazunguka pande zote asione kilima hata kimoja. "Ziwa lina ng'ambo," alituambia. "Kule ng'ambo haikuwepo. Nilidhani wazungu wamekosea njia."

Yeye alifika. Wengi wa waliokuwa ndani ya Khedive Ismail hawakufika. Ilikuwa meli ya abiria iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya safari za Chile, ikiitwa Aconcagua; vita vikaifanya ya kubebea askari. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano, ikiwa na watu 1,511. Zaidi ya 900 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kulikuwa pia na wauguzi wanawake. Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, wengi wakiwa wamekusanyika kwenye burudani ndani ya meli, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili.

Sipendi kupita haraka hapa, kwa sababu dakika mbili ni muda wa kupanda ngazi moja ya chuma, kama uko karibu nayo. Aliyekuwa deki ya juu aliweza kuruka. Aliyekuwa chini alikuwa na ngazi, giza, na mamia ya wenzake. Na waliofanikiwa kuingia majini wakakuta balaa la pili: nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na meli za kivita za Kiingereza zilizokuwa zikiwasindikiza zililazimika kutupa mabomu ya maji katika eneo lilelile walimokuwa wakielea. I-27 ilizamishwa baada ya mapambano ya saa kadhaa. Waliokufa kutoka Khedive Ismail ni 1,297. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6. Ni msiba mkubwa kuliko mingi tunayofundishwa darasani, na nilimaliza sekondari Mwanza bila kuusikia.

Amani iliporudi, ziwa liliingia katika miaka yake mizuri. Marobota ya pamba ya Usukuma yalijaa gatini, na mwaka 1955 wakulima wakawa na shirikisho lao la ushirika, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani. Wanafunzi wa Bukoba waliokwenda Tabora walivuka hadi Mwanza na kuunganisha treni. Waliopata Makerere walivuka upande mwingine. Mwaka 1961 ikaingia kazini Victoria, iliyoundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikavushwa bahari na kuungwa upya Kisumu. Ilizunguka ziwa zima, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, bandari za Uganda, na ilibeba barua, hivyo ikiitwa kwa heshima meli ya posta ya kifalme.

Bibi alisafiri nayo daraja la tatu akiwa na mtoto mgongoni, mikungu mitatu ya ndizi na kikapu cha senene wa kukaanga. Alikumbuka taa za Kemondo zikipotea. Alikumbuka akina mama wasiojuana wakigawana khanga moja kufunika watoto wao, Mhaya, Mjita, Mkerewe, na baridi ya saa tisa usiku ambayo alisema hakuipata tena popote. Alfajiri kila mtu alikimbilia upande mmoja kuliona Jiwe la Bismarck, na mabaharia wakapiga kelele watu warudi katikati. Pale gatini alipokewa na dada yake, wakaenda kwa miguu mpaka alikopanga. Nyakato ilikuja baadaye, viwanda vilipoita watu, na nyumba nyingi za mtaa wetu zilijaa watu walioingia mjini kwa honi ya meli.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na meli zikagawanywa. Victoria ikabaki kwetu. Mzunguko wa zamani ulikufa, na aliyezoea kununua tiketi moja kutoka Kisumu hadi Bukoba akagundua kwamba ziwa lina mistari.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, na neno makadirio ndilo linaloniuma. Orodha ya abiria wa madaraja ya juu ilikuwapo. Ya daraja la tatu haikuwapo. Wengi wao wamezikwa Igoma, safari fupi ya daladala kutoka Nyakato kwa barabara ya Musoma, na kila Mei watu huenda pale na maua.

Siku hizi kuna meli iliyojengwa hapahapa, Bandari ya Mwanza Kusini: MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, iliyoshushwa majini Februari 2023. Victoria ya zamani nayo ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020. Niliipanda mimi mwenyewe, daraja la tatu, nikalala karibu na marundo ya dagaa.

Tangu msiba wa MV Bukoba, bibi hakumwacha mtu wa nyumbani apande meli bila kwanza kumwita mjukuu anayejua kuandika. Ilibidi liandikwe jina kamili, kijiji cha baba, tarehe, meli, daraja, na upande wa deki atakaotafutia nafasi. Karatasi alizitia ndani ya lile sanduku la bati. Tulipolifungua baada ya mazishi yake tulizikuta zimekunjwa na kupangwa kwa miaka, zimefungwa kwa uzi mweusi. Ya juu kabisa ilikuwa na jina langu.