Dhiki ya Maradhi, Chakula na Uzito wa Mwili katika Jamii ya Wavuvi wa Kojani, Pemba

Mnamo Machi 2021, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuitangaza korona kuwa janga la dunia, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliozungumzwa sana. Asilimia 42 ya watu wazima waliohojiwa walisema wameongezeka uzito kuliko walivyotaka, kwa wastani wa kilo 13. Takwimu nyingine za uchunguzi huo hazikusikika sana: kiwango cha katikati cha ongezeko kilikuwa takriban nusu ya wastani huo, na asilimia 18 walisema wamepungua bila kutaka. Hata hivyo, picha iliyoenea duniani ilikuwa moja: hofu humwelekeza mtu kwenye sukari na mafuta, homoni ya kortisoli huchochea hamu ya kula, na kufungiwa ndani humkalisha karibu na friji.

Maelezo hayo yana masharti ambayo hayatajwi. Yanadai nyumba yenye akiba ya chakula, mlaji anayejipakulia peke yake, na kipato kisichokatika wakati kazi imesimama. Kojani, kisiwa kidogo kilichosongamana nyumba kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya Pemba, ni mahali pazuri pa kuyapima masharti hayo. Wakojani ni wavuvi, na sehemu kubwa ya riziki yao haitoki kisiwani bali dago, yaani kwenye kambi za msimu ambazo wavuvi huzipiga Unguja, katika pwani ya Tanganyika na ng'ambo ya mpaka huko Kenya. Nyumbani chakula hutegemea masurufu yanayotumwa au kuletwa na aliyeko dago, na kitoweo kinachopatikana siku hiyo. Aghalabu chakula hupakuliwa katika sinia moja, na anayekula kuliko wenziwe huonekana na wote. Kula kwa msongo, kama kunavyoelezwa na wanasaikolojia, ni tabia ya mtu aliye faraghani.

Lugha yenyewe inashuhudia uzoefu tofauti. Mswahili mwenye mashaka husemwa kuwa amekonda kwa fikra, tonge haipiti, kila anachokitia kinywani hakina ladha. Kunenepa kumehusishwa na raha, na kunawiri ni sifa ya mwili kama ilivyo sifa ya mmea. Baada ya ukimwi kugunduliwa Kagera mwaka 1983, huku Waganda wakiuita maradhi hayo “Slim” kwa jinsi yalivyowakondesha wagonjwa, kukonda kuliongezewa maana ya kutisha zaidi. Mtafiti anayekwenda kuuliza kuhusu “unene wa msongo” katika jamii ya namna hii anauliza kuhusu jambo ambalo wahojiwa hawana sababu ya kulilalamikia.

Kumbukumbu za maradhi ya zamani nazo zinaelekeza upande huo huo. Kipindupindu kilichoingia Zanzibar mwishoni mwa 1869 kilifuatiliwa na daktari Mskoti James Christie, ambaye katika kitabu chake cha 1876 alionyesha kwamba maradhi yalipita nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha yakavuka bahari. Njia ya jahazi za biashara ikawa ndiyo njia ya maradhi. Kwa watu wa visiwani funzo hilo lina makali, kwa kuwa chombo kinacholeta chakula ndicho kinacholeta kifo, na kukizuia ni kuchagua njaa. Mkasa huo ulirudi baadaye kwa sura ndogo: katika mripuko wa kipindupindu wa 2016 Serikali ya Mapinduzi ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji katika sehemu za wazi. Amri ilikuwa na msingi wa kiafya, lakini muuza uji hakupoteza hamu ya kula; alipoteza fedha ya kununulia chakula.

Ipo pia historia ya mchele. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, shehena zilizoilisha Zanzibar zilikatika, na serikali ya kikoloni ikaanzisha mgao uliofuata kabila: Waarabu na Wahindi walipewa mchele, Waafrika wakaelekezwa kwenye unga. Mapema miaka ya 1970, chini ya Rais Abeid Amani Karume, uagizaji wa chakula ulibanwa tena na mgao ukarudi. Ndiyo maana Pemba muhogo na mchele si vyakula viwili tu vya wanga. Nyumba inayoshuka kutoka wali hadi muhogo mtupu inajua imeshuka, hata kama mizani haitaonyesha tofauti.

Ikumbukwe kwamba Tanzania haikufungia watu majumbani mwaka 2020. Skuli zilifungwa kuanzia Machi na kufunguliwa Juni, watalii wakatoweka Unguja, na baada ya tarehe 29 Aprili serikali ya Muungano iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa. Kwa mvuvi wa dago pigo lilitoka nje. Kenya iliweka kafyu ya usiku kuanzia tarehe 27 Machi, ikazuia kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 16 Mei ikaufunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku kwa taa, hasa katika giza la mwezi. Kafyu ya kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri huuangukia moja kwa moja. Dagaa wakavu wa Zanzibar, ambao wanunuzi wake wakubwa wako Kongo, hutegemea mipaka iliyo wazi.

Hapa ndipo uchambuzi unapohitaji tahadhari. Aprili ni mwisho wa kaskazi. Masika huanza, kusi huvuma, bahari huchafuka, na dago nyingi huvunjwa hata katika mwaka wa salama. Mwaka ule mwezi wa Ramadhani nao ulianza mwishoni mwa Aprili, ukabadilisha saa za kula kwa kila mtu mzima. Kwa hiyo mizani ya Mei 2020 ingeyapima mambo matatu kwa pamoja: msimu, funga na janga. Uchunguzi wowote usiolinganisha Mei hiyo na Mei za miaka iliyotangulia hauna thamani kubwa, hata ukiwa na wahojiwa wengi.

Uzito peke yake pia hudanganya. Kitoweo kinapokosekana, kinachobaki katika sinia ni wanga, na kinachoongezwa ni chai yenye sukari. Mwili unaweza kubaki na kilo zake, au hata kuziongeza, wakati mlo wenyewe umekuwa duni. Mwanamke wa Kojani aliyenenepa katika kipindi hicho na mwanamke wa Chicago aliyenenepa wakati huo huo wataandikwa katika safu moja ya jedwali, ilhali mmoja alikuwa na chakula kingi na mwengine alikuwa na aina moja tu.

Waliobeba mimba ni suala la peke yake. Njaa iliyoikumba Uholanzi mwaka 1944 hadi 1945 ilichunguzwa upya mwaka 1976 kupitia vipimo vya vijana wa kiume wa miaka 19: wale ambao mama zao walikumbwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa wanene zaidi, na kwa waliokumbwa nayo mwishoni mwa mimba kiwango cha unene kilikuwa chini ya kawaida. Watoto wa Kojani waliokuwa matumboni wakati wa kusi ya 2020 watatimiza umri huo kuanzia 2039. Kadi zao za kliniki, zenye uzito wa kila mwezi ulioandikwa kwa kalamu, ndizo hati za kuanzia.