Ordinateri ya zamani inapochelewa: historia ya diski na makaratasi ya watu wa Fizi

BARAKA – Kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi mjini Baraka, na katika ofisi za Fizi, ordinateri nyingi za mezani zilikwisha kufanya kazi ng'ambo kabla ya kuvuka ziwa au kushuka kwa barabara ya Uvira. Malalamiko juu yake ni yale yale. Mashine inawashwa asubuhi, mteja anakaa kwenye benchi, taa ndogo ya diski inawaka bila kuzimika, na ukurasa mmoja wa cheti unachukua dakika tano kufunguka. Anayeulizwa sababu hujibu kwamba mashine imezeeka, au ina virusi. Jibu la kwanza halisaidii kitu. La pili lina hatari, maana dawa yake inayojulikana na wengi ni kuformati, yaani kufuta kila kilichomo na kuanza upya.

Na kilichomo si kidogo. Watu wa Fizi wamepoteza makaratasi kila mara walipokimbia: wakati wa uasi wa Simba wa 1964 na mapigano ya Baraka ya 1965, kisha vita vya 1996, kisha vya 1998. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka ule wa 1996, na wengi walifika huko na nguo za mwilini tu. Familia zilipoanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, mambo ya maandishi yalikuwa yamebadilika. HCR ilikuwa inaandikisha wakimbizi kwa kompyuta, na Tume ya Uchaguzi ya wakati ule, CEI, ilikuwa inaandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 25 nchini kote kwa mashine zinazotoa kadi papo hapo. Tangu hapo cheti cha kuzaliwa, diploma au hati ya kiwanja hupitishwa kwenye skana, na picha yake hubaki ndani ya mashine ya yule aliyetoa kopi. Karatasi yenyewe ikiungua Bijombo au ikilowa mtumbwini, picha hiyo ndiyo inayosalia.

Kwa hiyo diski inayochelewa inastahili kueleweka kabla ya kuguswa. Kuielewa kunataka kurudi nyuma, hadi mwaka 1956.

Mwaka ule, mwezi wa Septemba, kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, iliyotengenezwa San Jose, California, na kikundi kilichoongozwa na Reynold Johnson. Kabla yake, maandishi ya kompyuta yalikaa kwenye kadi zilizotobolewa na kwenye utepe, na kutafuta jina moja kulimaanisha kupitia yote yaliyotangulia. RAMAC ilikuwa na sahani 50 za chuma zilizopakwa rangi ya sumaku, kila moja na upana wa sentimita 61, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Mkono ulipanda na kushuka kutafuta sahani, ukaingia, ukasoma. Mzigo wote ulikuwa na uzito wa karibu tani moja na ulibeba herufi milioni 5, pungufu ya picha moja ya kamera ya simu nzuri ya leo. Kufikia habari yoyote kulichukua wastani wa sekunde 0.6. Wakati ule hiyo ilikuwa ajabu.

Mwaka 1973 IBM hiyo hiyo ilitoa diski iliyojulikana kwa jina la Winchester, ambamo sahani na vichwa vya kusomea vilifungwa pamoja ndani ya chombo kimoja. Kila diski ngumu iliyoko Baraka leo ni mjukuu wake. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe. Katika diski za miaka ya 2000 nafasi hiyo ni kama nanomita 10, wakati unywele wa mtu una zaidi ya nanomita 50,000. Ndiyo maana fundi anayefungua mfuniko wa diski ili “apulize vumbi” anaiua, hata kama aliikuta inafanya kazi. Chombo kina tundu dogo lenye chujio kwa ajili ya kupumua, na hapo ndipo hewa inapaswa kupita, basi.

Mwaka 1980 kampuni ya Alan Shugart, ambayo baadaye iliitwa Seagate, ilitoa diski ya megabaiti 5 iliyotosha kuingia kwenye kompyuta ndogo. Miaka mitatu baadaye IBM PC/XT iliuzwa ikiwa na megabaiti 10. Toka hapo ukubwa uliongezeka mara maelfu kwa maelfu. Kitu kimoja hakikuongezeka hivyo, nacho ni mwendo wa mkono na wa sahani.

Hesabu yake ni rahisi. Diski ya kawaida ya mezani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua zaidi kidogo ya milisekunde 8, na kwa wastani kichwa kinangoja nusu yake. Ongeza kama milisekunde 9 za mkono kusogea, na safari moja inafika milisekunde 13 hivi. Kwa sekunde moja ni safari 75, si zaidi sana. Diski hiyo hiyo ikisoma faili moja kubwa lililopangwa kwa mstari inaweza kupita megabaiti 60 kwa sekunde. Lakini ikitumwa huku na kule kuokota vipande vya kilobaiti 4, inaleta kilobaiti 300 tu. Taa inawaka muda wote, mkono unakimbia, na mteja bado yuko kwenye benchi.

Hapa ndipo neno “imezeeka” linapodanganya. Diski nzima ya mwaka 2008 ina mwendo ule ule iliyokuwa nao siku ilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni kazi inayopewa. Windows XP ya 2001 ilikubali kuishi na kumbukumbu ya megabaiti 64. Windows 10 ya 2015 inataka gigabaiti 1 au 2 ili iwake tu, na ikishawaka inatafuta marekebisho, inatengeneza faharasa ya mafaili, inakagua virusi, yote kwa wakati mmoja, yote kwa mkono ule ule mmoja. Fundi akibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwenye Windows 8 au ya baadaye ataona asilimia ya kazi ya diski. Ikiwa ni 100 na kasi inayoonyeshwa ni kidogo mno, mkono umelemewa na safari.

Kumbukumbu inaingia hapa pia. Mwaka 1962, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas iliyokuwa na ujanja mpya: kumbukumbu ikijaa, sehemu isiyotumika inahamishiwa kwenye chombo cha pembeni kinachokwenda polepole, kisha inarudishwa inapohitajika. Windows hufanya hivyo mpaka leo, na chombo chake cha pembeni ni diski. Mashine yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu, ikifungua programu ya kuandikia na ukurasa wa intaneti pamoja, inageuza diski kuwa kumbukumbu. Mara nyingi kipande cha kumbukumbu cha mtumba kimeponya mashine ambayo diski yake ililaumiwa bure.

Sababu nyingine inajificha kwenye waya. Kuanzia 1986 diski nyingi za mezani ziliunganishwa kwa waya mpana wa IDE, wenye nyuzi 40. Mwanzoni kichakataji chenyewe kilibeba kila kipande cha habari kutoka kwenye diski. Baadaye ulikuja mtindo wa DMA, ambapo habari inaingia kwenye kumbukumbu bila kukisumbua kichakataji, na kwa kasi za juu za mtindo huo waya wa nyuzi 80 ulilazimika. Windows XP ina tabia ambayo wengi hawakuambiwa: makosa ya usafirishaji yakipita sita, inateremsha diski hatua kwa hatua mpaka kwenye mtindo wa zamani, na haipandishi tena yenyewe. Waya uliokunjika au umeme wa grupu unaopanda na kushuka unatosha kuleta makosa hayo. Mashine inabaki na megabaiti chache kwa sekunde, miaka mingi, ingawa diski ni nzima. Dawa ni kubadilisha waya, kisha kuondoa njia ya IDE kwenye orodha ya vifaa ya Windows na kuwasha upya ili iitambue tena. Kuformati hapo ni jasho la bure kama waya mbovu umebaki.

Tukiwa kwenye umeme: mashine zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilipatwa na janga la kondensata mbovu duniani kote. Vile vipipa vidogo juu ya ubao mkuu na ndani ya sanduku la umeme vikivimba kichwani, diski inapata umeme dhaifu, inazimika na kuwaka tena ndani ya sekunde, na mashine inaganda. Macho tu yanatosha kuviona.

Tatizo la mafaili kukatika vipande lina historia yake fupi. Kwenye XP mtu alipaswa kuagiza mwenyewe upangaji wa diski. Windows 7 ya 2009 ilipewa ratiba ya kuifanya kila Jumatano saa saba ya usiku. Walioipanga hawakufikiria mji ambao grupu linazimwa jioni na solari inalinda batri yake. Kazi hiyo inangoja mpaka mashine iwake na ikae bila mtu, na kibandani mashine haikai bila mtu.

Inabaki sababu moja, na hiyo ndiyo inayotakiwa kuulizwa kwanza kuliko zote: je, diski inakufa? Sehemu ya sahani ikiharibika, diski haisemi mara moja. Inajaribu kusoma tena na tena, ikisogeza kichwa kidogo upande huu na ule, kwa sekunde nyingi, mara nyingine kupita dakika nzima. Kwa mtumiaji huo ni uchelewaji tu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 viwanda viliweka ndani ya diski daftari la afya liitwalo SMART. Programu za bure kama CrystalDiskInfo au smartmontools hulisoma. Mistari mitatu inatosha: wa 5 unahesabu sehemu zilizohamishwa, wa 197 sehemu zinazongoja hukumu, na wa 199 makosa ya usafirishaji, ambayo mara nyingi ni ya waya. Mistari miwili ya kwanza ikiwa na namba inayoongezeka wiki kwa wiki, au diski ikigonga tik-tik, hakuna tena kazi ya kuharakisha mashine. Iliyobaki ni kuokoa kilichomo.

Na hapo mpangilio ni muhimu. Ukaguzi wa chkdsk wa sahani nzima, upangaji wa vipande, kuformati: vyote vinaichosha diski iliyokwisha kuchoka. Nakala inatangulia. Njia ya upole ni kuwasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi na kuchukua picha za vyeti na orodha za majina kwanza, nyimbo na filamu zikingoja. Kwa diski mbovu zaidi kuna programu ya ddrescue, iliyotoka 2004, ambayo huchukua maeneo mazima kwanza na kurudi kwenye yaliyoharibika mwishoni, ili ikifa njiani iwe imeshatoa kilicho kingi.

Baada ya hapo mwenye mashine anaweza kufikiria diski isiyozunguka, SSD. Haina mkono wala sahani, na safari zake ni maelfu kwa sekunde badala ya 75. Kompyuta yenye tundu la SATA, lililoanza 2003, inaipokea moja kwa moja. Ya IDE tupu inahitaji kigeuzi. Mashine ile ile ya 2008 inaweza kuwaka ndani ya nusu dakika. Ila SSD huweza kufa kimya, bila tik-tik ya kuonya, kwa hiyo nakala ya pili inabaki ya lazima.

Na diski ile ya zamani iliyotolewa haiendi sokoni hivi hivi. Formati ya haraka inafuta orodha tu, si yaliyoandikwa. Kwenye XP hata formati kamili ilikagua sahani bila kuandika juu yake. Ni kuanzia Windows Vista ya 2007 ndipo formati kamili ilipoanza kuandika sifuri kila mahali. Diski iliyoformatiwa kwa XP na kuuzwa kama kipuri bado ina majina ya wazazi, ya watoto na ya vijiji walikotoka, na yeyote mwenye programu ya kurudisha mafaili anaweza kuyasoma.